Mashine Inayosomeka kwa Macho

Mwenyekiti, wazee wa chama, ndugu mafundi mlioacha spana zenu kuja kunisikiliza, na ninyi vijana mliokaa nyuma mkidhani siwaoni: ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa niseme kwa nini pikipiki za muundo wa zamani, zile za taa ya duara, kiti bapa na injini iliyo wazi, haziishiwi wapenzi. Kila baada ya miaka michache mtu hutangaza kwamba zama za pikipiki hizo zimekwisha, na kila mara viwanda vikubwa hurudi kuchora nyingine ya namna hiyohiyo.

Jibu la haraka mnalo tayari: ya kale ni dhahabu. Lingekuwa linatosha, ningeketi sasa hivi. Lakini lina tundu. Triumph Bonneville ya kwanza, pikipiki ya Kiingereza, ilitoka mwaka 1959. Kijana wa miaka 25 anayeota kuimiliki leo hana kumbukumbu yoyote ya mwaka huo, na pengine hata baba yake hana. Mtu hawezi kukumbuka asichokiishi. Kwa hiyo kinachomvuta kimo ndani ya chuma chenyewe, hakimo katika kalenda. Mimi naamini ni hiki: pikipiki ya aina hii inajieleza. Chuchumaa pembeni yake kwa muda, bila kitabu, na utaanza kuona inavyofanya kazi. Vyombo vingi tunavyovitumia siku hizi havitupi heshima hiyo.

Tuifuate njia ya mafuta, mafundi mnivumilie. Chukua pikipiki ya kawaida ya silinda moja yenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli iko juu, kwenye tangi. Chini ya tangi kuna koki. Ukiifungua, petroli inashuka kwa uzito wake wenyewe, inapita kwenye mpira na kuingia katika bakuli la kabureta. Ndani ya bakuli kuna floti. Bakuli likijaa, floti inapanda na kusukuma kisindano kinachoziba mlango. Petroli ikitumika, floti inashuka na mlango unafunguka. Injini inapovuta pumzi, hewa inapita kwenye koo jembamba la kabureta, inaongeza mwendo, mgandamizo wake unashuka, na petroli inanyonywa kupitia jeti, kitundu kidogo katika kipande cha shaba. Basi. Hakuna waya hata mmoja katika habari hiyo yote.

Na kwa kuwa kazi yake inasomeka, ugonjwa wake nao unasomeka. Pikipiki inayowaka lakini inazima kila ukiachia mafuta, mara nyingi jeti yake ndogo imeziba. Inayomwaga petroli chini, shuku floti iliyotoboka au kisindano kilichokwama. Inayokataa kabisa, chomoa plagi uitazame: ikiwa imelowa, mafuta yanafika na huenda cheche ndiyo haipo, ikiwa kavu, rudi kwenye koki. Haya yote unayafanya kando ya barabara kwa spana ya plagi na bisibisi. Ninayo pia pikipiki ya kisasa, siitaji jina, iliyowahi kunigomea kwa sababu ya tope kwenye swichi ya stendi, ile inayoizuia injini stendi ikiwa chini. Kioo kikaniandikia namba ya kosa. Namba tu! Nikabaki natafuta mtu mwenye kifaa cha kuisoma, na kosa lenyewe lilihitaji kitambaa.

Umbo tunalolipenda halikuchorwa ili lipendeze. Yale mapezi kwenye silinda yapo kwa sababu joto linahitaji eneo kubwa la kutokea, na upepo wa mwendo ndio unaoliondoa. Tangi limebonyea pande zote mbili ili magoti yapate pa kushika. Spoku hupinda kidogo na kurudi gurudumu linapopiga shimo. Hakuna aliyekaa akajiuliza atengeneze kitu cha kumtoa mtu machozi.

Tazameni alichofanya mbunifu Edward Turner wa Triumph mwaka 1937. Speed Twin yake ilikuwa na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, cc 498, nguvu farasi 27 hivi. Wateja wa wakati ule walizoea silinda moja, na baadhi ya hizo zilikuwa na mabomba mawili ya moshi. Turner aliibana injini yake ikawa nyembamba kiasi kwamba kwa mbali ungeidhania mojawapo ya hizo. Hakuwatisha. Pistoni zote mbili zilipanda na kushuka pamoja, ila mafuta yalilipuka juu yake kwa zamu, na ndipo ulipotoka ule mlio ulionyooka wa pikipiki za Kiingereza. Pia ndipo ulipotoka mtetemo wake, uliolegeza nati na kuwafanya wenye pikipiki hizo watembee na spana mfukoni. Mashabiki hawapendi kukumbushwa hilo, lakini lilikuwepo.

Huko Ujerumani, mhandisi Max Friz alikuwa ameshatoa jibu jingine mwaka 1923 kwa BMW R32: silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto, zote zikitoka nje kwenye upepo. Zaidi ya miaka 100 imepita na BMW bado inatengeneza injini za mpangilio huo. Moto Guzzi nao tangu V7 ya mwaka 1967 wanaziachia silinda zao mbili zitokeze pande zote mbili za tangi. Fundi anayeijua kazi yake anaona faida mara moja: vichwa vya injini viko mkononi mwako.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu, vile vilango vya hewa na moshi vya injini, kwa sababu kwangu hiki ndicho kipimo cha pikipiki kuliko rangi na kuliko mlio. Injini ikiwa baridi, unavua kifuniko. Unaizungusha taratibu mpaka alama ionyeshe kwamba pistoni imefika juu na valvu zote mbili zimefunga. Unapitisha fila geji, bamba jembamba la kupimia, kati ya ncha ya valvu na kidole kinachoisukuma. Ikipita bila kugusa, nafasi imezidi. Ikikataa, imepungua. Inayotakiwa ni ile inayopita ikikwaruza kidogo, na mkono hujifunza mkwaruzo huo mapema kuliko akili. Unalegeza nati, unagusa skrubu kidogo, unaishikilia isizunguke huku unakaza nati, kisha unapima tena kwa sababu kukaza nako huisogeza. Imekwisha.

Kwenye pikipiki ya mbio ya silinda nne kazi ni hiyohiyo, valvu ni zilezile. Ila kabla hujaziona umeshavua maplastiki, umeshaondoa tangi, umeshafungua kasha la hewa, na ukikuta nafasi si sahihi unatoa kemshafti, fimbo inayozunguka na kuzisukuma valvu, ili ubadilishe vidonge vya chuma vilivyo chini yake. Siisemi vibaya injini hiyo. Imefanya hivyo ili izunguke kwa kasi ambayo skrubu na nati zisingeihimili. Lakini mwenye nayo ataipeleka dukani, atalipa, na atarudi nyumbani bila kuwahi kuiona sehemu aliyolipia.

Sasa nguvu. Royal Enfield Classic 350 ya leo ina cc 349 na nguvu farasi 20 hivi. Pikipiki ya mbio ya cc 1,000 inapita 200. Kwa makaratasi hakuna mashindano. Barabarani, hata hivyo, hiyo kubwa gia ya kwanza peke yake inaweza kuvuka kilomita 100 kwa saa, maana yake ni kwamba mtu mwenye akili timamu na leseni anayoitaka anatumia kipande tu cha mashine yake, siku zote. Kwenye ile ndogo unatumia yote. Unabadilisha gia kwa sababu inabidi, unasikia injini inapochoka mlimani, unavuta mafuta mpaka mwisho na bado hujavunja sheria. Raha ya kuendesha haipimwi kwa kasi ya juu ya chombo. Inapimwa kwa kiasi cha chombo unachokifikia.

Jina la Bullet, ambalo Classic imetoka katika ukoo wake, Royal Enfield, wakati huo wakiwa Uingereza, walianza kulitumia mwaka 1932. Mwaka 1955 uundaji ukaanza huko Madras, India, mji unaoitwa Chennai leo, na kiwanda cha Uingereza kilipokufa, kile cha India kikaendelea. Kwa miongo mingi injini ilibaki ileile: silinda ya chuma cha kusubu, gia katika kasha lake la peke yake, valvu zinazosukumwa kwa fimbo. Watu wakaicheka kwa kuzeeka. Ikazeeka mpaka wakaacha kucheka wakaanza kupanga foleni.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni Yamaha SR400, iliyotoka Japani mwaka 1978. Haikuwahi kupewa stata ya umeme. Kwa miaka yote 43 aliyeitaka aliipiga kiki. Na kuipiga kiki kuna utaratibu wake. Unasukuma kiki polepole kwa mguu mpaka ikaze, hapo pistoni inabana hewa. Unavuta kiwiko kidogo kwenye usukani, upande wa kushoto, kinachofungua valvu na kuachia mbano. Unasukuma tena kidogo huku ukitazama kidirisha kwenye kichwa cha silinda upande wa kulia, mpaka alama ya rangi ya fedha itokee. Unaachia kiwiko, unarudisha kiki juu kabisa, unaishusha kwa mguu wote bila kugusa mafuta. Ikiwa umefuata hatua, inawaka. Ukiipiga kwa hasira inakukomesha. Wahandisi wangeweza kuongeza stata mwaka wowote. Waliamua kuweka dirisha ili mwenye pikipiki aone kinachoendelea ndani. Sheria za moshi na za breki ziliposogea, mwaka 2021 Yamaha ikatoa toleo la mwisho kwa soko la Japani.

Hapo kuna jambo la kuchekesha. SR ilianza na breki ya diski mbele. Mwaka 1985 Yamaha ikaiondoa na kuweka ya dramu, kwa sababu dramu ilifanana zaidi na pikipiki ya zamani. Mwaka 2001 diski ikarudi. Yaani kwa miaka 16 pikipiki mpya iliuzwa ikiwa na breki dhaifu kuliko ile iliyoitangulia, kwa ajili ya sura. Hapo mimi nasimama na wapinzani. Kuna urahisi, na kuna mavazi ya urahisi, na sisi wapenzi wa pikipiki hizi tunachanganya hivyo viwili kuliko tunavyokubali.

Triumph walipoiweka Bonneville mpya kwenye mfumo wa injeksheni, unaopuliza mafuta kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, mwishoni mwa miaka ya 2000, sehemu inayopitisha hewa waliipa umbo la kabureta. Ukiinama unaiona pale, na si kabureta. Mwaka 2016 wakahamia kupoza kwa maji. Rejeta wakaifanya nyembamba na kuificha kati ya mirija ya mbele ya fremu, na mapezi wakayaacha kwenye silinda, ingawa kazi kubwa sasa inafanywa na maji. Kawasaki Z900RS, iliyotangazwa mwaka 2017, ina mapezi ya urembo juu ya injini inayopozwa kwa maji. Nawaelewa. Injini ya kupozwa kwa hewa joto lake hupanda na kushuka kufuatana na upepo na foleni, kwa hiyo nafasi ndani yake huachwa kubwa kidogo na moshi wake ni mgumu kudhibiti. Maji hulishika joto mahali pamoja. Na injeksheni yenyewe siitukani: inawaka kwenye baridi, inajirekebisha ukipanda milimani, inakunywa kidogo. Kinachonikera ni kabureta ya uongo. Mashine iliyosifika kwa kujieleza sasa inanidanganya usoni.

Kawasaki haohao, kwa haki, walitengeneza W650 mwaka 1999, ambayo kemshafti yake inazungushwa na fimbo iliyosimama ndani ya mrija unaong'aa upande wa kulia wa silinda. Mnyororo wa ndani ungefanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Lakini ule mrija ni wa kweli. Ukiugusa umegusa njia ambayo nguvu inapita. Urembo wa namna hiyo nauvulia kofia.

Atatokea mtu aniulize kuhusu Honda CB750 ya mwaka 1969. Silinda nne, breki ya diski, stata ya umeme: siku ilipotoka ilikuwa miongoni mwa zenye muundo mgumu zaidi, na leo tunaiita ya kale na kuibusu. Ni kweli. Ila hata hiyo haikuficha kitu. Kabureta nne unazihesabu, mabomba manne unayahesabu. Ugumu ulio wazi mtu anaweza kuishi nao.

Na sasa niwape pikipiki ambayo hakuna anayeibandika ukutani. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125. Kabla yake walikuwa na CB125, ambayo kemshafti yake ilikaa juu kwenye kichwa cha silinda, mahali panapohitaji oili safi ifike kila wakati. Wahandisi wakaona kwamba katika nchi nyingi pikipiki hizo zilipakizwa kupita kiasi, oili haikubadilishwa, na juu kule kukasagika. Wangeweza kuandika kitabu kirefu zaidi cha maonyo. Badala yake walirudi nyuma kiufundi: kemshafti ikashushwa chini karibu na oili, valvu zikasukumwa kwa fimbo kama za zamani. Walibuni kwa ajili ya mtu ambaye hatabadilisha oili kwa wakati, bila kumhubiria.

Injini hiyo ikaigwa na viwanda vingi vya China, na wajukuu wake wanabeba watu na magunia katika sehemu kubwa ya dunia saa hii ninapozungumza. Haina mashairi. Taa yake mara nyingi ni ya mraba. Lakini kila nilichokisifu tangu nianze kimo ndani yake, bila kivuli cha uongo, na fundi aliyejifunza chini ya mti anaifungua na kuifunga yote. Honda Super Cub ya mwaka 1958 iko katika ukoo huohuo wa fikra, na mwaka 2017 idadi ya Super Cub zilizotengenezwa ilivuka milioni 100. Sisi wenye majaketi ya ngozi tunadhani tunalinda urithi. Urithi wenyewe umepita pale nje sasa hivi na kreti nyuma.

Neno moja kali kabla sijaitwa chini. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alipata ajali kwenye pikipiki yake ya Brough Superior huko Uingereza, akafa baada ya siku sita kwa jeraha la kichwa. Daktari mmoja aliyemhudumia, Hugh Cairns, alilibeba jambo hilo, na mwaka 1941 akachapisha utafiti kuhusu majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki wa jeshi ambao uliwapeleka askari hao kwenye kuvaa helmeti. Nawaambia wanaotaka kila kitu kibaki kama zamani, kwa sababu zamani ilikuwa na hilo pia. Ulaya imelazimisha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki, kwenye pikipiki za zaidi ya cc 125: miundo mipya tangu mwaka 2016, na zote mpya tangu 2017. Ni sanduku, ni waya, ni sensa, na silielewi lote. Lisiondolewe hata skrubu.

Basi mkienda kununua, iwe mpya au ya mkono wa pili, msianze kwa kusikiliza mlio. Ulizeni kichujio cha hewa kinafikiwa kwa kufungua nini. Ulizeni kama plagi inatoka bila kushusha tangi. Ulizeni kama kitabu cha fundi kinauzwa kwa mtu wa kawaida au ni cha karakana zao peke yao. Muuzaji akicheka, mmepata jibu. Inueni kiti mwone kama kuna vifaa, na kama spana zilizomo zinaingia kwenye nati yoyote ya pikipiki hiyo, maana nimeziona zisizoingia popote.

Pale nje, ya tatu kutoka mlangoni, kuna CG125 ya kazi yenye keria iliyopinda. Haijawashwa tangu jana, kwa hiyo imepoa sawasawa. Tutaivua kifuniko na kila mtu atapima tapeti kwa mkono wake, vijana wa nyuma kwanza. Wenye kuhitaji miwani wasiiache ndani. Na aliye na fila geji ya milimita 0.08 aje nayo, yangu imepinda.